Barafu za moto zimeganda kabla ya za baridi. Mwalimu kasema haiwezekani, mimi nimeziona

#1 Kijana wa Mbagala
Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha tatu, tunaishi Mbagala. Mama anauza barafu za ubuyu na ukwaju nyumbani. Kila siku anachemsha, anaacha ipoe, tunafunga kwenye vifuko, ndipo tunapanga kwenye friza. Wiki iliyopita alichelewa kutoka msibani na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Uliporudi usiku akasema tusisubiri ubuyu upoe, maana watoto wa shule wanapita saa kumi na mbili asubuhi. Tukafunga ukiwa wa moto, vifuko tukivishika kwa kitambaa. Kulikuwa pia na vifuko vya ukwaju vilivyofungwa tangu saa kumi, vimeshapoa kabisa. Vyote vikaingia friza pamoja.

Baada ya saa tatu nikafungua kuchukua maji ya kunywa. Ubuyu ulikuwa umeshakuwa mgumu pembeni. Ukwaju ukiubonyeza unacheza.

Kesho yake nikamuuliza mwalimu wa fizikia. Akasema nimechanganya vifuko, darasa zima likacheka. Sikuchanganya. Ubuyu ni mwekundu, ukwaju ni wa kahawia.

Kinachonisumbua ni hiki. Basi linalotoka Kibaha kwenda Kariakoo lazima lipite Kimara. Lililoanzia Kimara liko mbele tayari. Yakiondoka dakika moja, kwa mwendo mmoja, la Kibaha litawahije? Cha moto nacho lazima kipite kwenye ubaridi ambao mwenzake alianzia. Naombeni anieleze anayejua.

#2 Mbishi wa Sinza
Dogo, mwalimu wako yuko sahihi. Kwanza umelinganisha ubuyu na ukwaju, vitu viwili tofauti. Sukari ikizidi, kinywaji kinachelewa kuganda. Huenda mama alitia sukari zaidi kwenye ukwaju kwa sababu ni mchachu. Hapo hakuna fumbo.

#3 Nyota ya Jaha
Hii si mpya, inaitwa athari ya Mpemba. Aliigundua Mtanzania wa Moshi, mhadhiri wa chuo kikuu, mwaka 1969. Dunia nzima inaijua isipokuwa sisi.

#4 Babu Kijiwe
Kwa jina hilo atakuwa mtu wa Pemba huyo, msiniambie Moshi.

#5 Kalamu Nyekundu
Babu, jina lisikupeleke baharini. Na Nyota, ahsante kwa kumtaja, ila tuyaweke sawa, kwa sababu habari yake inamhusu moja kwa moja huyu kijana.

Erasto Mpemba hakuwa mhadhiri alipoliona jambo hili. Alikuwa kidato cha tatu, kama aliyeanzisha uzi, shule ya sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Mwenzake akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha ili awahi. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa pa kuweka, akaingiza ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza utani wa darasa, akikosea hesabu wanasema hizo ni hesabu za Mpemba.

Kisha akaja Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu hapa Dar, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akamwomba arudie swali, akaahidi kwenda kulijaribu. Aliporudi Dar akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi!

Makala yao wawili ikachapishwa 1969 kwenye jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Kwa hiyo 1969 ni mwaka wa makala. Na Moshi umeipata kwa sababu wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka.

#6 Msambaa wa Milimani
Magamba hiyooo! Mvulana wa kwetu kasimama mbele ya msomi mkubwa na swali la aiskrimu. Kila nikisimulia habari hii najisikia vizuri mwilini.

#7 Kijana wa Mbagala
Sikuwahi kuisikia. Nimemsomea mama ujumbe wa #5 wote, akacheka, akasema "kumbe na wewe una ndugu". Lakini Kalamu, hujasema sababu. Kwa nini?

#8 Fundi Majokofu
Sababu ninayo mimi, miaka mingi nafungua hivi vitu Temeke na Kurasini. Dogo, hiyo friza yenu ina barafu ya ukutani, ile nyeupe inayojijenga yenyewe? Kama ndiyo, fumbo limekwisha. Ile barafu ni blanketi, inazuia ubaridi wa bati usifike kwenye mzigo. Kifuko cha moto kinaiyeyusha, kinazama, kinalala juu ya bati lenyewe. Cha baridi kinakaa juu ya blanketi usiku kucha. Hebu nenda kaangalie chini ya ubuyu kama pamebaki alama ya shimo.

#9 Kijana wa Mbagala
Fundi, ipo, unene wa vidole viwili. Na kweli upande wa ubuyu kuna mabonde mabonde!

#10 Fundi Majokofu
Basi. Ahsanteni.

#11 Mwalimu Zamani
Fundi, usifunge duka mapema. Nimefundisha fizikia miaka 31, nimestaafu sasa, na swali hili niliwahi kuulizwa mara nne na sikuwahi kulijibu nikaridhika.

Kijana, marahaba. Mfano wako wa basi ni mzuri kuliko maelezo ya vitabu vingi, na ndani yake ndiko liliko tatizo. Wewe unadhani basi la Kibaha likifika Kimara linakuwa sawasawa na lile lililoanzia Kimara. Je, lina abiria wale wale? Injini yake ina moto ule ule? Maji yaliyotoka nyuzi 100 yakafika nyuzi 30 si lazima yawe katika hali moja na maji yaliyokuwa nyuzi 30 tangu mwanzo. Kipimajoto kitasoma namba moja, lakini namba hiyo haisemi kila kitu.

Chukua abiria. Maji ya moto yanatoa mvuke mwingi. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kunataka kilojuli zipatazo 2,260, na kupoza kilo hiyo kutoka nyuzi 100 hadi sifuri ni 420 tu. Ina maana mvuke kidogo unaondoka na joto kubwa. Kama maji yangepoa kwa kutoa mvuke peke yake, yangefika sifuri yakiwa yamepungua kama asilimia 16. Basi limeshusha abiria njiani, sasa ni jepesi. Na kazi kubwa iko mbele bado, kwa sababu kugandisha kilo 1 iliyokwisha kufika sifuri kunataka kuondoa kilojuli 334 nyingine. Kilo zikipungua, kazi inapungua.

#12 Bi Mkubwa wa Tandika
Mwalimu shikamoo. Mimi nauza barafu mwaka wa tisa. Hesabu zako sizipingi, ila vifuko vya mama yake vimefungwa fundo. Mvuke unatokea wapi?

#13 Mwalimu Zamani
Marahaba mama. Umenikamata. Kwa kikombe kilicho wazi hesabu yangu inasimama, kwa kifuko kilichofungwa haina nafasi. Nakubali.

#14 Mbishi wa Sinza
Bi Mkubwa apewe kiti cha mbele. Kumbe wenye majibu wako Tandika.

#15 Bi Mkubwa wa Tandika
Majibu sina, mwanangu. Nina uzoefu tu. Mimi siweki za moto, kwa sababu vifuko vinalegea na fundo linavuja, halafu sukari inanata kwenye friza yote. Lakini mtungi wa maji nyumbani kwangu unaelewana na mwalimu: maji yanatoka jasho nje ya udongo, upepo unalichukua, ya ndani yanabaki baridi bila umeme. Nilipokaa Dodoma mtungi ule ule ulitoa maji baridi zaidi kuliko huku. Hewa ya huku imeshiba maji, hailipokei jasho la mtungi.

#16 Kalamu Nyekundu
Sawa kabisa kuhusu mtungi. Hata feni haipozi hewa, inafukuza tu hewa iliyoshiba jasho karibu na ngozi. Ndiyo maana feni kwenye chumba kisicho na mtu haina kazi yoyote.

#17 Babu Kijiwe
Mke wangu asome #16. Feni ya sebuleni inazunguka kutwa nzima peke yake.

#18 Kalamu Nyekundu
Turudi kwenye barafu. Fundi, maelezo yako ya blanketi nayapenda na kwa friza ya kijana huenda ndiyo yenyewe. Lakini hayamalizi kesi ya Osborne. Yeye alitumia bika za kioo, maji kama mililita 70, akaziweka juu ya shiti la povu ili chini pasipitishe joto. Blanketi halikuwa na nafasi, na bado ya moto yalitangulia. Alimwaga pia mafuta kidogo yakatanda juu ya maji, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Akaona joto lilikuwa likitokea juu. Na yeye alisema maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa machache mno kueleza tofauti yote.

Kilichobaki ni mikondo. Maji ya moto yanazunguka kwa nguvu ndani ya chombo, ya juu yanapoa yanashuka, ya chini yanapanda. Hata yakifika nyuzi 30, juu bado ni ya moto kuliko wastani, na pale juu ndipo yanapotoa joto. Ya baridi yametulia kama bwawa. Kwa mfano wa kijana: basi la Kibaha limefika Kimara likiwa kwenye mwendo, lile la Kimara bado linawasha injini.

#19 Kijana wa Mbagala
Hii ya mwendo imeniingia. Lakini maji hayana breki? Mzunguko si utaisha wenyewe?

#20 Mwalimu Zamani
Utaisha. Swali ni kama utaisha kabla ya kufika kwenye kuganda, na hilo linategemea chombo, ujazo, urefu wa kikombe, mahali friza inapotolea ubaridi. Ndiyo maana mmoja anaona na jirani yake haoni.

#21 Mpagazi wa Marangu
Naomba nichepuke kidogo. Mnasema "nyuzi 100" kana kwamba maji yanachemka hivyo kila mahali. Nimebeba mizigo Kilimanjaro. Kuna kambi inaitwa Barafu, zaidi ya mita 4,600, jina linafaa uzi huu. Pale maji yanatokota haraka lakini maharage hayaivi ng'o, ndiyo maana hatubebi maharage makavu. Yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Kileleni, mita 5,895, ni kama 80.

#22 Msambaa wa Milimani
Hujachepuka mkuu, umetusaidia. Lushoto ni zaidi ya mita 1,400, na Magamba iko juu zaidi. Maziwa ya Mpemba yalichemka kama nyuzi 95, si 100.

#23 Mbishi wa Sinza
Sasa nisikilizeni na mimi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia jambo hili kwa uangalifu na kupitia majaribio ya watu wengine. Hawakuona maji ya moto yakifika sifuri kabla ya baridi. Walionyesha pia kwamba ukihamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kupata "athari" ambayo haipo. Juu na chini ya kikombe kimoja joto si moja. Hapo mnasemaje? Dogo alitumia kidole, hata kipimajoto hana.

#24 Kalamu Nyekundu
Nasema umeusoma vizuri ila umeruka jambo moja. Wao walipima muda wa kufika nyuzi sifuri. Mpemba aliuliza kuhusu kuganda. Maji kufika sifuri si lazima yagande. Yanaweza kushuka chini ya sifuri, nyuzi 5 au zaidi, yakiwa maji bado. Kila mtu wa Dar ameliona hili: unatoa chupa ya maji kwenye friza, ni maji kabisa, ukiigonga mezani inageuka barafu mbele ya macho yako. Kwa hiyo chombo cha baridi kinaweza kutangulia kufika sifuri, kikakaa pale chini kikisubiri punje ya kuanzia kugandia, na cha moto kikafika nyuma yake kikaganda papo hapo. Mwaka 1995 mtafiti David Auerbach alielekeza kidole huko. Mabasi yote yamefika Kariakoo, moja limekosa pa kushushia abiria.

#25 Mbishi wa Sinza
Na kwa nini la moto ndilo lipate pa kushushia? Mbona isiwe bahati nasibu?

#26 Kalamu Nyekundu
Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaotaja hewa: kuchemsha kunatoa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji yasiyo na hewa yanaganda kwa tabia nyingine. Wapo wanaotaja chumvi za maji magumu, ambazo baadhi zinajitenga yakichemshwa, ule ukoko mweupe ndani ya birika. Wapo waliokwenda mpaka kwenye bondi za haidrojeni kati ya molekuli. Na wapo wanaosema kama wewe, bahati.

#27 Binti Kigamboni
Habari zenu. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili. Yalikuja majibu 22,000 hivi. Alishinda Nikola Bregović wa Croatia, aliyetaja mikondo na huko kupoa chini ya sifuri. Lakini zawadi haikufunga mjadala, tazameni wenyewe, Burridge na Linden wamekuja miaka minne baadaye.

#28 Nyota ya Jaha
Majibu 22,000! Halafu mtu anamcheka mtoto darasani.

#29 Mwalimu Zamani
Nyota, umegusa penyewe. Nimwambie kijana jambo bila kumsema vibaya mwalimu wake. Ana wanafunzi wengi, mada nyingi, mtihani uko mbele. Hata mimi niliwahi kumwambia mtoto "kaa chini" kwa swali ambalo nilikuwa silijui, na sura ya mtoto yule naikumbuka mpaka leo. Ningemwambia "twende tukajaribu" ingenichukua usiku mmoja na vikombe viwili.

#30 Fundi Majokofu
Mimi nina wasiwasi na LUKU. Msimfundishe dogo kuweka vya moto kila siku. Kompresa inafanya kazi kupita kiasi, mvuke ukiwepo unajenga barafu ya ukutani, bili inapanda.

#31 Binti Kigamboni
Tuihesabu. Lita 10 kutoka nyuzi 100 mpaka 30: kilojuli 4.2 mara 10 mara 70 ni 2,940. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo ni joto la uniti 0.8, na kompresa inahamisha joto kwa umeme mdogo kuliko joto lenyewe, kwa hiyo matumizi ni chini ya hapo. Si bili ya kumfilisi mtu, ila kwa kila siku ya mwaka inajumlishwa. Akiacha sufuria kwenye beseni la maji ya bomba kwa nusu saa, joto hilo linaondoka bure.

#32 Bi Mkubwa wa Tandika
Beseni ndilo langu. Na bure kweli.

#33 Kijana wa Mbagala
Wakubwa nimerudi na majaribio. Mbishi alinisema sina kipimajoto, ni kweli, bado sina. Lakini sasa nimetumia maji matupu, vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, kila kimoja nusu kikombe nilichopima kwa chupa ya dawa ya mililita 100. Kimoja cha bomba, kingine kimetoka kwenye birika likichemka. Vyote wazi bila kifuniko.

Usiku wa kwanza niliviweka juu ya barafu ya ukutani kama alivyosema fundi. Cha moto kilizama kama kidole kimoja. Kilitangulia kuganda, nilikuwa nafungua kila robo saa, mama akanigombeza.

Usiku wa pili nikaweka vipande vya povu la boksi la televisheni chini ya vyote viwili. Cha baridi kilitangulia, si kwa muda mrefu.

Usiku wa tatu umeme ulikatika, sihesabu.

Usiku wa nne povu tena, nikabadilishana upande, cha moto kushoto. Vilikaribiana sana, siwezi kusema nani kaanza.

Nimeandika yote kwenye daftari pamoja na saa.

#34 Fundi Majokofu
Blanketi! Nilisema mimi. Lilipokuwepo cha moto kikashinda, lilipoondolewa kikashindwa.

#35 Mwalimu Zamani
Kijana, kubadilishana upande uliwaza mwenyewe au kuna aliyekufundisha?

#36 Kijana wa Mbagala
Niliwaza mwenyewe mwalimu. Niliona upande wa kulia wa friza ndiko barafu ya ukutani inajaa zaidi, nikaogopa upande ndio unaoshinda, si maji.

#37 Mwalimu Zamani
Nimesoma jibu lako mara tatu. Andika zote, hata usiku wa umeme kukatika. Na usiache.

#38 Mbishi wa Sinza
Dogo, nakuondolea kauli yangu ya #2 kwamba mwalimu wako yuko sahihi kuhusu kuchanganya vifuko. Ulichoona uliona. Ila kwenye povu matokeo yako yananiunga mkono mimi.

#39 Binti Kigamboni
Mimi na dada yangu tumejaribu pia Jumamosi, friji isiyojenga barafu ya ukutani, ile yenye feni ndani. Mara tatu. Cha moto kilitangulia mara mbili, cha baridi mara moja. Blanketi halikuwepo kabisa, Fundi. Tulitumia bakuli pana badala ya kikombe.

#40 Fundi Majokofu
Bakuli pana lililo wazi, feni inapuliza... hapo mvuke wa mwalimu unarudi. Lakini mara mbili kwa moja ni chache mno, dada. Rudieni.

#41 Babu Kijiwe
"Mpaka tupate jibu sahihi." Fundi wa Osborne amefufuka.

#42 Kalamu Nyekundu
Nyongeza moja kabla sijalala. Siku hizi jina la Mpemba limetoka nje ya maji. Mwaka 2020 huko Canada, watafiti Kumar na Bechhoefer walitumia kipunje cha maikromita 1.5 hivi kikielea ndani ya maji, wakakisukuma kwa leza kana kwamba kinateremka bonde, na wakapata hali ambapo kinachoanza "moto" zaidi kinatulia haraka zaidi, kwa maelfu ya marudio, na hesabu zikakubaliana. Wanafizikia wanaandika jina hilo kwenye mambo ya atomu ambayo hayana uhusiano na friza.

#43 Mbishi wa Sinza
Kwa hiyo kwenye kipunje imethibitishwa, kwenye ubuyu bado.

#44 Kalamu Nyekundu
Ndivyo ilivyo. Na si leo tu. Aristotle aliandika kwamba watu waliotaka maji yapoe upesi waliyaanika kwanza juani. Wanafalsafa Bacon na Descartes nao waliligusa. Yote hayo yalikuwepo, na ilibidi kijana mwenye maziwa ya moto Lushoto aulize ndipo watu wakaanza kupima tena.

#45 Msambaa wa Milimani
Mwenyezi Mungu awabariki wote mlioandika humu. Nimeunakili uzi huu wote nitampelekea mwanangu aliye bweni.

#46 Kijana wa Mbagala
Nashukuru sana. Mama naye ana swali, amesema niliweke hapa kwa sababu mimi nimeshindwa. Mtoto akinyonya barafu ya ubuyu, utamu na wekundu vinatoka kwanza, mwisho anabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha, anairudisha akidai mama katia maji mengi. Wakati kwenye sufuria ilikuwa rangi moja na tamu sawasawa. Utamu unajitenga wakati gani?

#47 Binti Kigamboni
Wakati wa kuganda. Maji yakijipanga kuwa barafu hayana nafasi ya sukari, yanaisukuma pembeni. Barafu inaanza nje ikiwa karibu safi, sukari na rangi vinabanwa katikati na kwenye mifereji midogo kati ya vipande. Ile sehemu yenye sukari inayeyuka kwanza, ukinyonya inakuja yenyewe.

#48 Bi Mkubwa wa Tandika
Mimi nadhani ni unga wa ubuyu unaotuama chini tu. Zangu za ubuyu nikizilaza, upande wa chini ndio mwekundu. Za maji ya rangi na sukari peke yake hazifanyi sana hivyo.

#49 Mwalimu Zamani
Mama, hoja yako inapimika.

#50 Kijana wa Mbagala
Kesho nagandisha vifuko vitatu. Kimoja cha ubuyu nimekilaza, kimoja cha ubuyu nimekining'iniza kwa uzi kisiguse bati, cha tatu maji ya sukari na rangi bila unga. Nitavikata katikati kwa kisu vikiwa vigumu. Mama ameruhusu, ila amesema vitatu hivyo nitavilipia.